Kitambaa cha Nakijwa

Fundi Sekiete ameketi nje ya mstari wa njano,
kofia magotini, viatu vyake tumevivisha mifuko.
Redio yake iko upande wangu.
Ya mbao, ya betri sita,
kifundo kimoja ni kizibo cha soda.

Usiku ilikuwa ikiwaka yenyewe, ananiambia,
namba zote, toka themanini na nane hadi mia na nane.
Unga aliukwangua kwenye saa za zamani, saa za ndege,
alizouziwa kwa kilo kule Unga Limited.
Akaukoroga na gundi, akapaka kwa unyoya wa kuku,
ili mkewe asihangaike kutafuta stesheni gizani.
"Haikuwa biashara. Hii moja tu."
Zilikuwa tatu. Mbili tumezifuata Ngarenaro.

Kwanza napima mahali patupu.
Tik. Kimya. Tik.
Hilo si kosa la mtu. Ni mawe ya Meru,
ni ndizi niliyokula asubuhi, ni mimi.
Kisha nasogeza kipima mionzi juu ya uso wa redio
kinapiga kama mvua ya Aprili kwenye bati.
Fundi anainamisha kichwa
kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Glavu mbili mbili. Bisibisi. Skrubu kisahanini.
Pamba na spiriti, toka pembeni kuja katikati:
futa mara moja, kunja, futa, tupa.
Usizungushe. Ukizungusha unahamisha,
na kuhamisha si kusafisha.
(Wapo watu nje ya maabara hii
ningependa kuwaambia hivyo.)

Vumbi limejibana kwenye miguu ya kapasita,
kwenye meno ya kigurudumu cha stesheni.
Fundi, kule aliko, anashindwa kujizuia:
"Hapo puliza kidogo tu, litatoka."
Mkono wangu ukasimama hewani.
Fundi, umepuliza redio ngapi maishani?
Hakujibu. Niliona midomo ikihesabu.
Barua ya kwenda kupimwa kifua
ameikunja mara nne.

Saa tisa alasiri, pamba mia moja na kumi na nne.
Saketi imenyamaza. Spika imenyamaza.
Mbao nimeikwangua mpaka imerudi rangi ya mti.
Kioo cha namba hakina namna, kinakwenda pipani.
Kimebaki kitambaa.

Kimefunika spika, kimedariziwa kwa mkono,
uzi mwekundu, uzi wa kijani,
ua moja lina petali nne, la tano ni tundu za sindano.
Shaba husuguliwa. Uzi hauna ganda la kuvua.
Nimekiloweka, nimekikamua, nimekipima.
Mara ya saba kinapiga vilevile.

"Binti Nnko, hicho alikishona Nakijwa,
wodini, mwezi ule wa mwisho."

Ninalo neno la kumwambia, limo mwanzoni mwa mwongozo:
nusu-uhai.
Miaka elfu moja na mia sita ndipo ipungue nusu.
Nusu tu. Halafu nusu ya nusu.
Nilimweleza hivyo kwa sababu sikuwa na jingine.
Akafikiri kitambo.
"Basi utamweka pazuri, siyo? Pasipovuja."
Alisema *utamweka*. Sikumsahihisha.

Mfuko wa njano, juu yake mfuko wa pili, lebo.
Tarehe. Kipimo. Aina: radiamu.
Mahali pa *chanzo* nikaandika: redio.
Kalamu haikutoka kwenye karatasi,
ikaongeza, ndogo, pembeni: N.

Aliondoka na redio isiyo na uso,
koni ya spika wazi kama koo.
Getini, chini ya mjakaranda, akaiwasha.
Ilikwaruza, ikatafuta, ikapata sauti ya mtu
akisoma bei ya mahindi sokoni Kilombero.
Akapeleka kiganja pale kilipokuwa kitambaa,
kikaishia hewani,
akakirudisha mfukoni
kama aliyekumbuka kwamba ameambiwa asiguse.