Kikao cha Kwanza, Punta Arenas

Nélida ameandika ratiba kwa dakika:
saa kumi kupanga mstari, na robo kiapo,
na nusu fundo, kisha mchezo, kisha chai.
Viti ishirini ameviazima parokiani,
amevifuta kimoja kimoja kwa upindo wa sketi.

Wamekuja wanne.
Mmoja ni mpwa wake, kaletwa kwa ahadi ya biskuti.

Upepo wa huku hauna adabu: mlango ulipofunguliwa
uliinyakua ratiba, ukaipitisha juu ya mabati,
ukaenda nayo kusini, ambako hakuna mikutano.

Basi akashika kamba. Alifanya mazoezi wiki nzima
kwenye mguu wa meza; leo vidole vimemsaliti.
Kimya. Birika tu ndilo lililonguruma.

Ndipo Rosamel, aliyelitaja hata jina lake kwa nusu sauti,
akaitwaa kamba bila kuomba:
"Babu hufunga hivi magunia ya sufu."
Akavuta. Fundo likakaa, likagoma kufunguka.

Lilikatwa kwa kisu cha mkate.

Usiku Nélida anaandika upya:
viti vitano. Kamba zaidi.
Rosamel aje mapema.