Mlimkataa Nani

Karatasi tatu juu ya mkeka.
Nimezikandamiza kwa mkasi, kwa bakuli la nyuzi, kwa simu,
maana feni yetu ina wivu na kila kinachosomwa.
Likizo ya Agosti ni wiki tatu tu,
na Batuli, kidato cha tatu, hataki ipite bure.

Ya kwanza inang'aa. Kaileta mjomba wake Famau toka Mombasa.
Majengo meupe, nyasi zilizonyolewa,
vijana wanacheka wakitazama juu, sijui wanaona nini.
Viongozi wa Kesho, imeandikwa.
Shilingi elfu tisini na sita, bila nauli.

Mimi hesabu yangu ni ya kofia.
Kofia moja ya vito, elfu sita, miezi miwili ya macho yangu.
Basi kumi na sita.
Basi miaka miwili na miezi minane:
Batuli atakuwa amemaliza shule, amesahau,
mimi bado nawashonea viongozi kesho yao.

Famau asema jina hilo likionekana kwenye fomu ya chuo kikuu
milango hufunguka yenyewe.
Sikubisha. Nilipiga simu.
"Mwanangu akifika, saa mbili asubuhi atafanya nini?"
Atajengewa uwezo, mama.
"Saa nne je?"
Atapanuliwa mawazo.
"Na mwaka jana mlimkataa nani?"
Pakawa kimya. Nikasikia kiyoyozi chao mpaka huku Langoni.
"Mama, sisi hatumkatai mtu."

Mji huu mimi naujua kwa milango.
Usiomkataa mtu si mlango,
ni ukuta uliobomoka, na mwenyewe kasimama hapo
anatoza kiingilio.

Ya pili ni ya roboti, Nairobi. Nzuri, sina neno.
Batuli aliisoma mara moja, akaigeuza,
akaandika nyuma yake vitu vya sokoni: nazi mbili, bizari, kiberiti.
Hapo nikajua.

Ya tatu ni fotokopi, mashine imeikata kichwa.
Mwalimu Nyevu aliitoa kwenye mkoba wake, ina vumbi la chaki.
Wanafunzi kumi na wawili, Malindi, kupima maji ya visima.
Hakuna malipo, ila uje na gambuti zako.
Na swali moja:
Eleza jambo unaloliona kila siku na bado hulielewi. Kurasa mbili.
Mwaka jana waliomba mia tatu.

Famau alicheka. "Visima! Si hata hapa vipo?"
Vipo. Chetu kimeingia chumvi,
chai ya asubuhi twaitilia sukari, haisikii.

Usiku huu Batuli anaandika,
anafuta zaidi ya anavyoandika.
Nimemwambia huenda wakamkataa.
"Najua," akasema, na kichwa hakuinua.

Nina hamu ya kuchungulia,
hilo jambo asilolielewa ni kisima,
au ni mimi?
Nimejizuia. Nimeshika kofia ya watu.
Uzi umelikataa tundu la sindano
mara mbili, mara tatu.
Nikaulamba ncha,
nikajaribu tena.