Maji Mafu

Mchungaji Kalama amenipigia simu tena:
"Mwakio, Jumapili maji yanajaa saa ngapi?"
Haulizi kama nitakuja.
Anauliza kama mtu anavyouliza bei ya unga.

Nafungua majedwali. Kazi yangu hiyo,
Kilindini, ghorofa ya pili, chini ya feni inayolia:
hesabu ya mwezi, hesabu ya jua,
nazijumlisha, na bahari inatii.
Saa nne na dakika kumi na nane asubuhi,
mita mbili na nukta nne.
"Ila ni maji mafu, Mchungaji. Hayana nguvu."
Akacheka. "Si ndiyo tunayoyataka?
Tunakwenda kuzika."

Tangu mama alazwe pale Makadara
siku kumi na moja, mashine ikihesabu pumzi
na sisi tukihesabu zaburi,
sijapiga goti. Sikugombana na mtu.
Maji yalikupwa tu ndani yangu, polepole,
nikabaki na tope, na maswali kama kaa wadogo
wakitoka mashimoni upande upande.

Jedwali linajua lini, halijui kwa nini.
Nilimwambia hivyo kijana wa chuo, akaniona mjanja.
Usiku neno lenyewe likanirudi:
je, kila nisilolijua
nimpangishe Mungu humo,
nimfukuze siku hesabu ikipatikana?
Mungu mpangaji simtaki.
Heri anayekaa ndani ya hesabu yenyewe,
katika namba inayotoka sawasawa hadi mtu ukaogopa.
Heri. Sikusema naamini. Nimesema heri.

Jumapili, Mikindani. Mikoko, harufu ya tope na dizeli.
Wakesho, binti wa dada yangu, kavaa kanzu nyeupe
iliyoshonewa vijiwe upindoni isielee.
Nimeshika saa. Nne na kumi na nane imepita;
huku ndani maji huchelewa, jedwali halikusema.
Yamemfika kifuani, yametulia,
hayaji wala hayaendi.

Anazamishwa.
Nahesabu, mazoea ya kazi.
Moja. Mbili. Tatu.
Mchungaji anakawia, ama ni mimi,
na kabla hajaibuka
mdomo wangu umesema, "Baba,"
haukumaliza sentensi.

Katoka akikohoa, kamasi zinamtiririka, anacheka.
Nne na ishirini na tano. Maji yanaanza kupwa.
Viatu vyangu vimelowa, na sikumbuki
ni saa ngapi nilisogea mbele.