Asilimia

Fomu ya ofisi ya Wete ina kisanduku kimoja:
Ujenzi umefikia asilimia ngapi?
Kalamu nnayo. Namba ndiyo sina.

Siku ya msingi Mtambwe nzima ilikuwa msaragambo.
Bi Mize Asaa alipika muhogo kwa masufuria ya harusi,
na mtaro ukafika kiunoni kabla ya adhuhuri,
kila mzazi akichimba
kama aliyeambiwa mwanawe yumo humo chini.
Hiyo niiite ngapi?

Tukamwaga zege la sakafu.
Khatib wa Faki, darasa la kwanza, akimfukuza kuku,
akakanyaga chumba cha pili kingali uji.
Fundi Shaame akainua mwiko aufute ule unyayo,
akauangalia,
akaushusha mwiko.
"Uacheni. Atasomea humu, aone alivyokuwa kadogo."

Kuta zikapanda hadi linta.
Hapo fungu likaisha. Barua ilisema kazi itaendelea.
Nondo zikabaki zimechomoza juu ya nguzo
kama vidole vya wanafunzi wanaojua jibu
na mwalimu hawaiti.
Masika, hawaiti. Vuli, hawaiti.
Kutu ikashuka ukutani mistari mistari,
mwandiko wa mtu aliyechoka kungoja.
Nasi kule jengo la zamani, mikondo miwili,
watoto tisini na wanne kwa chumba,
wa mchana wakikalia joto la wa asubuhi.

Ukaja mwaka wa karafuu.
Watu wakaona sakafu pana, kavu, haina paa, jua lote lake,
wakatandika majamvi.
Niliwaendea mbio, chaki ingali mkononi.
Hii ni skuli, nikasema, si uwanja wa kuanikia!
Bi Mize hata hakuacha kugeuza karafuu zake.
"Mwalimu, saruji hii tuliibeba kichwani.
Mwaka wa tatu huu imelala. Nayo ifanye kazi."
Nikakaa kitako. Nikasaidia kuchambua makonyo.

Mwisho wa mavuno kila nyumba ikatoa pishi moja kavu.
Darasa la tano wakapiga hesabu, wakakosea, wakarudia,
na hesabu ikawa mbao, ikawa mabati.
Vyumba viwili vimeezekwa.
Cha tatu kina madirisha, hakina paa.
Cha nne kuku wa jirani wanatagia,
huenda ni wajukuu wa yule aliyefukuzwa.
Choo ni shimo na nia.

Juzi mvua iliingia kwa upepo, sakafu ikarowa,
na chumba kizima kikanukia karafuu.
Nilikuwa katikati ya silabi.
Watoto wakanyamaza wote, pua juu,
nami sikuwarudisha ubaoni mara moja.
Fomu haina pahala pa harufu.

Khatib sasa yuko darasa la sita.
Alikuja jana baada ya alasiri, akavua kiatu,
akaweka mguu wake kwenye unyayo wake.
Vidole tu ndivyo vilivyoenea.
Akacheka. Kisha hakucheka.
Januari anakwenda sekondari; humu hatasoma.
Fundi Shaame alikuwa juu ya kenchi, misumari mdomoni,
akapata kisingizio cha kutosema neno.

Basi nimeandika sitini. Nimefuta.
Nimeandika sitini na mbili,
maana namba isiyo duara huaminika zaidi.
Na pembeni, nje ya kisanduku, kwa herufi ndogo:

Misumari mliyoleta mwezi jana ni ya mbao.
Tunataka ya bati, yenye kofia.
Chumba cha tatu kinangoja.
Mdogo wake Khatib ametimia miaka mitano.