Mashine Isiyojua Kushiba

Nkuhungu maji huja kama mgeni wa siri,
Jumanne na Ijumaa, saa nane za usiku.
Bomba linakohoa kwanza, linatema upepo,
linatema kutu, halafu linakubali.
Mama hulisikia kabla yangu.
"Mbukwenyi," huyaamkia maji, kanga kifuani,
madumu saba yamejipanga kama watoto wa foleni ya uji.

Ijumaa ile nilimwambia alale.
Leo inafua mashine.
Nimeinunua mtumba kwa afisa aliyehamishiwa Singida,
mfuniko juu una ufa, kitufe kimoja kimeng'oka.
Tumboni mashuka ya wiki mbili,
sare zangu za wodini,
soksi za Lameki zenye vumbi jekundu
lisilomsamehe mtu.

Ikanywa.
Nikatazama simu. Nikaitazama tena: inakunywa.
Ikapita alama, ikayafunika mashuka,
ikafika ukingoni, ikafikiri kidogo,
ikajimwaga.

Dodoma hii!
Jirani akikuomba ndoo moja
unajiuliza kwanza undugu wenu umeanzia wapi,
na mimi nimesimama majini hadi vifundoni.

Mama hakuuliza kitu.
Alikuja na beseni, kata, sufuria ya ugali,
akachota sakafuni, akachota ukingoni,
povu likamkaa kwenye nyusi.
"Usiizime," akasema, "isije ikabadili mawazo."

Nikampigia Chidawali, fundi mafriji wa Majengo.
Sauti yake ilikuwa bado chini ya blanketi:
"Chomoa waya ukutani.
Maji yakiendelea kuingia, mkosaji ni valvu.
Yakikoma, valvu haina dhambi.
Tafuta anayeidanganya."

Mimi valvu nilikuwa nimeshaihukumu.
Chumvi ya maji yetu naijua,
huganda birikani kama chokaa ya ukuta,
nikasema imekwama wazi, basi, kesi imekwisha.
Nikachomoa.
Maji yakakoma papo hapo,
kikabaki kishindo cha kata ya Mama
na aibu yangu ndogo.

Asubuhi, nikiwa bado sijalala,
nilifungua skrubu sita kwa kisu cha vitunguu.
Nyuma ya bati kuna kipira chembamba,
kinatoka chini ya pipa, kinapanda hadi kwenye swichi.
Hakibebi maji, alinieleza Chidawali. Kinabeba pumzi.
Maji yakipanda, pumzi inabanwa,
inakwenda juu kusema: yametosha.

Nikakipuliza. Pumzi yangu ikanirudia shavuni.
Ufa, mwembamba kama unywele,
kazi ya panya au ya kiangazi.
Tumbo limejaa, kichwa hakina habari.

Wodini kwetu kuna kijana wa bodaboda, uti wa mgongo umekatika.
Nikimgusa chini ya kitovu, kibofu kimekaza kama ngoma,
yeye ananiuliza mechi ya jana iliishaje.

Nilikata upana wa vidole viwili, penye ufa,
nikailowesha ncha katika maji ya moto ilainike,
nikaisukuma mahali pake, nikaifunga kwa waya wa chelewa za ufagio,
kwa sababu ndio uliokuwepo.

Jumanne, saa nane.
Bomba likakohoa.
Mama alikuwa ameshafika,
beseni mbele, sufuria mkononi, mikono ya gauni imekunjwa.
Maji yakapanda. Yakakaribia alama.
Yakaigusa.

Tk.

Kimya. Halafu pipa likaanza kuzunguka,
polepole, kama mtu anayegeuka kitandani.
Mama akachungulia, akasubiri, akachungulia tena.
"Imekufa?"
"Imeshiba, Mama."

Akaitazama sufuria yake.
Nje, mzabibu wa uani ulikuwa bado na unyevu wa Ijumaa kwenye shina.
"Kile kipande ulichokikata," akasema,
"umekitupa?"