Nyumbani Hakuna Mari

Mke wangu Nsimire aliandika maneno matatu tu
kwenye kundi la avenyu yetu, hapa Nyamugo:
"Nyumbani hakuna mayi."
Mayi, tunavyosema sisi wa Bukavu,
kile kitu ambacho shuleni kinaitwa maji
na bombani hakiitwi chochote, maana hakiji.

Telefone yake ilinunuliwa ikiwa na Kifaransa tumboni.
Haijui sombe. Kila siku inaandika sombre,
mboga inageuka giza,
nasi tunaila hivyo hivyo.
Basi ilipoona mayi ikakunja uso kama mwalimu wa zamani,
ikasahihisha: "Nyumbani hakuna mari."
Mari. Mume.
Kwetu lugha zinalala kitanda kimoja, hakuna aliyeshtuka.

Mume mwenyewe nilikuwa nimekaa pale pale,
mguu mmoja ndani ya beseni kavu,
natafuta soksi ya pili.

Saa moja na nusu nilikuwa bado naulizwa tu.
Saa mbili nilikuwa nimeshavuka Ruzizi.
Saa tatu nilikuwa na mwanamke wa saluni,
mnene kidogo, mwenye gari.
(Gari lilinipendeza. Niliuliza rangi yake.)
Saa nne binamu Mushagalusa akapiga kutoka Uvira:
"Cirhuza, weye! Kumbe uko huku kwetu
na hata salamu hautuletee?"

Nikaandika: niko nyumbani.
Wakajibu: ndivyo wanavyosema wote waliotoroka.
Nikatuma sauti. Wakasema sauti siku hizi zinatengenezwa.
Nikatuma picha. Mwalimu Kahasha, wa hesabu,
akaikuza, akaikagua, akatangaza:
shati hilo ni la mwaka juzi, kwa hiyo picha ni ya mwaka juzi.
Shati ni la mwaka juzi kweli.
Ninayo mawili. Ningefanyaje?

Saa sita mkubwa wa avenyu,
ambaye masikio yake huzibuka kura zikikaribia,
akatoa tangazo lenye mhuri:
analaani vikali wanaume wanaohama nyumba zao,
yuko bega kwa bega na Mama Nsimire,
kamati itaundwa.
Mistari kumi na minne. Nilihesabu.
Neno maji halimo, kwa lugha yoyote.

Na Kivu lote liko pale chini, limejaa,
linang'aa kama sahani zinazotolewa kwa wageni tu.

Watu thelathini na wawili walilia kwa vidole vyao.
Ngazi za kufika kwetu ni sabini na moja.
Aliyezipanda ni mmoja, Mama M'Bahizire wa makaa,
jasho shingoni, daftari kwapani.
Hakubisha. Aliingia, akaniona,
akanibonyeza bega kwa kidole
kama anavyopima gunia lililonyeshewa.
"Uko," akasema.
Kisha akafungua daftari.

Nimelifikiria sana jambo hili.
Wanaonipenda waliamini. Wasionipenda waliamini haraka zaidi.
Anayenidai ndiye aliyekuja kuangalia.
Siku hizi nikiletewa habari, hata tamu,
najiuliza: kama habari hii ingekuwa na deni langu,
faranga elfu kumi na mbili za makaa,
ningebaki nimekaa hapa kitini?

Jioni Nsimire akajaribu tena, taratibu,
kwa Kiswahili cha kitabu: "Nyumbani hakuna maji."
Telefone ikawaza. Ikapendekeza magie.
Uchawi.
Tukatazamana. Kidole chake kilikuwa bado hewani.
"Acha," nikamwambia,
"tangazo la hilo litakuwa na kurasa mbili."

Tukabeba vidumu, tukazishuka zote sabini na moja,
umeme nao umekwenda zake bila kuaga.
Katikati ya ngazi jirani mmoja akampa mke wangu pole,
akanimulika usoni kwa taa ya telefone,
akamulika vidumu vyangu viwili,
akamgeukia tena:
"Aa. Na mwingine umeshapata?
Huyu angalau anachota."