Matuta na Mifereji

Kila Ijumaa Nélida Huarachi anashuka kutoka uwandani,
saa saba kwenye basi mpaka Antofagasta,
begini ana daftari, chupa ya chai ya majani ya koka,
na miwani aliyoiazima kwa dada yake.
Ana miaka arobaini na saba.
Ngozi ivute ingali maji, tunasema.
Yake imekaushwa na upepo wa chumvi
miaka ishirini na miwili, akifunga vidonda
kwenye zahanati ya kitanda kimoja na mlango usiofungika.

Somo la kwanza ni miguu ya nguruwe,
imenunuliwa sokoni alfajiri, imepangwa juu ya magazeti.
"Toboeni," anasema mwalimu Hortensia Vukasovic,
"milimita nne, wima. Zungusheni, msisukume."
Kijana mmoja anatoka nje kutapika.
Nélida anazungusha. Kipande kinachomoka kama kizibo,
na anashangaa, leo ndiyo mara ya kwanza,
kwamba kitu alichokuwa akikipaka marhamu
kina ghorofa.

Mwezi wa tatu, picha ukutani.
"Wekundu," anasema mwalimu. Inayofuata: wekundu.
Mgongo mweupe, paja jeupe, shavu kama maziwa.
Arobaini na moja. Nélida amezihesabu.
Anainua mkono, na mkono wenyewe ndio swali.
"Kwetu wekundu hauji ukiwa mwekundu."
"Huja vipi?"
"Kama zambarau ya kiazi kilichopondeka.
Siku nyingine hauji kabisa. Huutafuta
kwa nyuma ya kiganja. Penye joto, ndipo."
Projekta inanguruma.
Mwalimu anavua miwani, anaifuta ingawa ni safi.
"Jumamosi ijayo," anasema, "somo ni lako."

Usiku huo halali, na si kwa furaha.
Anamkumbuka bibi Saturnina Colque, kisigino chake,
kilichoandikwa *hakuna wekundu* siku nne mfululizo
kwa mwandiko huuhuu,
mpaka kikawa donda ndugu,
ndugu asiyeaga.

Nyayo zilipewa dakika ishirini tu, kabla ya chakula cha mchana:
unyayo ni shamba, una matuta, una mifereji.
Rangi ikilala mferejini, mara nyingi ni salama.
Ikipanda tutani, andika barua siku hiyohiyo.

Agosti. Maji yameganda bombani.
Bwana Eleuterio Ticona, mchungaji wa lama,
amekuja kupimwa presha.
"Vua viatu."
"Presha imeshuka mpaka mguuni?"
"Vua."
Soksi mbili mbili. Ya ndani ina tundu.
Karibu na kisigino, doa, upana wa kifutio cha penseli.
"Msumari," anasema mzee. "Ulinichoma mwaka juzi."
Nélida anapaka jeli, anaweka lenzi yenye taa,
anazuia pumzi.
Mifereji ni myeupe.
Weusi umepanda juu ya matuta, mstari kwa mstari,
kama kazi ya mtu aliyelima vizuri.

"Ni nini?"
Mwalimu alisema: msidanganye, msitishe, na muwe mmekaa.
Anavuta kigoda.
"Sijui bado. Ila basi la Ijumaa nalijua.
Tutashuka pamoja."
"Na lama wangu?"
"Wangapi?"
"Mia moja na kumi na watatu."
Anasema idadi hiyo taratibu, kama anayewaita mmoja mmoja.

Nélida anaanza barua: *Mgonjwa, miaka sitini na minane, unyayo wa kushoto.*
Anaweka kalamu chini.
Miguu ya mzee bado iko wazi, na sakafu ni ya saruji.
Anapiga magoti, anamvisha soksi,
akianza na ile yenye tundu.